BUSTANI YA STAA NI NZURI, ILA STORI IKO WAPI?

Wiki mbili sasa mitandaoni hakuna kulala. Staa mmoja wa bongo muvi, yule ambaye hata akinywa maji lazima ajirekodi, kaposti bustani yake ndogo ya vibwengo na watu wamemwaga makopakopa mpaka basi. Ni ile mitindo ya Kizungu: chungu kipana, mimea midogo, nyumba inayoenea kiganjani, na vijimtu vyenye mabawa. Hawa vibwengo wa Uingereza ni warembo bwana, siyo kibwengo yule wa stori za bibi anayekusubiri njia ya msalani usiku.

Ukweli usemwe. Ile bustani ni nzuri lakini imekufa. Vibwengo saba wamesimama mstari mmoja kama wapambe wa harusi wanaosubiri mpiga picha. Wote wanatabasamu. Kasri la plastiki halina hata mlango ulioachwa wazi, na kiti kimoja kilichopo hakijawahi kukaliwa na mtu. Sekunde tatu umemaliza kuangalia, unapita. Hiyo ni rafu ya duka iliyomwagiwa udongo.

Sasa twende Mbagala. Kuna binti huko anauza vocha na juisi, wafuasi wake hawafiki hata mia nne. Miezi mitano anapanda bustani yake kwenye beseni lililopasuka (ule ufa ndio unaotoa maji, mizizi haiozi, akili hiyo). Ana kibwengo mmoja tu, alimpata kwa bei ya kutupa kwa sababu ubawa mmoja umevunjika. Mwingine angetafuta gundi. Yeye akatunga: kibwengo hawezi kuruka tena, kwa hiyo inabidi apande daladala kama wananchi wengine.

Daladala lenyewe ni boksi la kiberiti lililopakwa rangi, konda ni njiti inayoning'inia mlangoni. Wiki ya pili kibwengo kaishiwa nauli, kashushwa kichakani. Wiki ya tatu anakula kwa mama ntilie kwa mkopo, sufuria ni kizibo cha soda, na kwenye ukuta kuna daftari la madeni dogo kuliko ukucha. Wiki ya nne mvua ikanyesha kweli, beseni likajaa, daladala likazama. Binti hakufuta kitu. Akaandika kwamba barabara imefungwa na abiria wanavushwa na konokono. Konokono alikuwa wa kweli, alijileta mwenyewe!

Na walimcheka vipi? Eti mtu mzima anacheza kitoto. Eti ushamba. Wengine wakaleta na ushirikina, kisa mdoli mwenye bawa moja. Maneno hayohayo hakuna aliyethubutu kumwambia staa, kwa sababu staa kaweka chungu chake kwenye marumaru.

Kilichofuata ndicho kinachouma. Siku kumi baadaye bustani ya staa ikapata daladala, mama ntilie, na kibwengo mwenye plasta kwenye ubawa. Tangazo la biashara likaingia hapohapo. Jina la binti? Hakuna. Wadau walipouliza, jibu likawa moja: mawazo hayana mwenyewe.

Hapo ndipo anapopotosha watu. Bustani ndogo kweli haina mwenyewe, Wachina na Wajapani wametengeneza mandhari ndani ya sinia kwa karne nyingi. Lakini kibwengo aliyekosa nauli ana mwenyewe. Yule kaiba vitu, stori ikamshinda kubeba. Daladala lake limepaki pembeni ya kasri, jipya, halina abiria wala konda. Plasta imebandikwa kwenye ubawa mzima kabisa! Kibwengo wake anaumwa nini sasa?

Na wale wanaosema utani unaharibu bustani, waende Uingereza kwenyewe. Miaka ya 1840 Sir Charles Isham alileta vizee vya udongo vya bustani kutoka Ujerumani, vile vya ndevu na kofia, akavipanga kwenye miamba aliyoijenga nyumbani kwake Lamport Hall. Hakuvisimamisha mstari. Aliviweka kama wachimba migodi wako kazini. Tajiri mwenye cheo, lakini alijua kijimtu bila shughuli ni kopo tu. Kimoja mpaka leo kipo, wanakiita Lampy. Wenye kujisikia baadaye wakavidharau vizee hivyo. Maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea yalivipiga marufuku, mpaka mwaka 2013 yalipotimiza miaka 100 ndipo vikaruhusiwa, na mastaa kama Elton John wakavipaka rangi vikapigwa mnada kwa ajili ya hisani. Yaani hata huko wenye nyodo walichelewa kuelewa.

Kinachomshinda staa siyo hela. Ni kuacha kitu kimeharibika kidogo. Ngazi imeegemezwa dirishani, mtu anajiuliza nani katoroka. Kiatu kimoja kando ya dimbwi, cha pili hakipo. Kamba ya nguo ina soksi tatu. Leo kiti kimepinduka, kesho kimesogea, na mtu anarudi kuangalia kwa sababu jana haikuwa hivi. Vyote hivyo havifiki bei ya juisi moja ya yule binti, ila vinataka mtu akae na beseni lake jioni aliwaze. Staa hana jioni ya namna hiyo. Ana mpiga picha anayekuja Jumamosi.

Mashabiki wake wanasema binti ashukuru, kapewa kiki. Kiki gani isiyotaja jina? Aliyepata ni yule aliyelipwa tangazo.

Jumapili binti kaposti tena. Nje ya beseni, kwenye sakafu, kaegesha daladala la pili, linang'aa, halina mtu. Kibwengo wa bawa moja kasimama ukingoni na mama ntilie wanalichungulia. Kibao kimeandikwa: GARI LA NANI HILI?

Mpaka jana usiku staa alikuwa ameshafunga komenti.