NG'OMBE ALIYEKUFA KWA KICHAA NI SHAHIDI

Mwananchi wa visiwani akimwona ng'ombe wake amesusa majani, mate yanamchuruzika na mlio wake umegeuka, jambo la kwanza alifanyalo ni kumfunua kinywa na kumtia mkono kooni. Hudhani mnyama amesakamwa na kokwa ya embe. Kitendo hicho kina huruma ndani yake, na ni mazowea yetu tangu wazee. Lakini iwapo ng'ombe yule aliumwa na mbwa mwenye kichaa, basi mkono ule, wenye mchubuko mdogo wa mpini au wa mwiba, umeingia katika mate yenye mauti.

Jina la ugonjwa ndilo linalotupoteza. Tunasema "kichaa cha mbwa", kisha tukaamini kuwa ni jambo la mbwa na wafugaji wa mbwa peke yao. Virusi vya ugonjwa huu huwaingia ng'ombe, mbuzi, punda, paka na binadamu vilevile. Huingia kwa jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole, kwa majuma au hata miezi, mpaka vikafika katika ubongo na kutoka tena kwa njia ya mate. Ng'ombe si lazima akimbie huku na huko. Mara nyingi hukoroma kwa sauti ya ajabu, hujikamua kama anayetaka kunya asiweze, miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka na kufa baada ya siku chache. Hapo mmoja atasema ni sumu, wa pili atasema ni kijicho cha jirani, na wa tatu atanoa kisu ili nyama isipotee. Huyo wa tatu ndiye tunayemhofia zaidi, kwani kupasua kichwa na uti wa mgongo wa mnyama wa namna hiyo ni kuyaendea mauti kwa miguu yako.

Wapo maofisa wanaosema kuwa ng'ombe aliyekufa ni hasara ya mwenyewe, kwa kuwa ni nadra kwa ng'ombe kumwambukiza mnyama mwingine, na kwa hiyo ugonjwa umeishia hapo. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Ugonjwa huishia kwa ng'ombe, lakini haukuanzia kwake. Mnyama aliyefungwa kamba malishoni hakwenda popote. Aliyemwuma ndiye aliyemfuata. Kwa hiyo kila ng'ombe anayekufa kwa kichaa ni shahidi kwamba katika shehia ile, majuma machache nyuma, alipita mbwa mgonjwa ambaye huenda hakuna aliyempigia ripoti. Ushahidi huo tunaufukia shimoni kila tunapomzika mnyama bila ya kumpima.

Na kupima si uchawi. Hakuna njia ya kutegemewa ya kuuthibitisha ugonjwa huu katika mnyama aliye hai. Ukweli umo katika ubongo baada ya kufa. Mwaka 1903 daktari wa Kiitaliano, Adelchi Negri, alieleza madoa aliyoyaona ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa, na tangu hapo maabara zimekuwa zikiutazama ubongo. Siku hizi kipande kidogo hupakwa juu ya kioo, kikatiwa kingamwili zenye rangi ing'aayo. Virusi vikiwapo, huwaka kijani chini ya hadubini. Wala fuvu si lazima lipasuliwe kwa shoka. Mtaalamu wa mifugo aliyefunzwa, aliyechanjwa na aliyevaa glavu na miwani, huweza kupitisha mrija katika tundu la nyuma ya kichwa, pale fuvu linapoungana na shingo, akatoa kiasi kinachotosha. Ni kazi ya muda mfupi. Kigumu ni barafu, ni gari, na ni kumpata mtu wa kuipokea sampuli Ijumaa jioni.

Baada ya kuthibitisha kuwa ni kichaa, iko hatua ya pili ambayo baadhi ya wakubwa huiona kuwa ni anasa ya wasomi: kusoma vinasaba vya virusi vyenyewe. Virusi hivi vina maandishi yake ya urithi, yapata herufi elfu kumi na mbili. Vinapozaliana, mara moja moja herufi hubadilika, na vizazi vinavyofuata huyarithi mabadiliko hayo. Aliyewahi kuona vitabu vya chuoni vilivyonakiliwa kwa mkono ataelewa mara moja: ukizilinganisha nuskha mbili na kukuta neno lile lile limeharibika mahali pale pale, unajua kuwa zimetoka kwa mwandishi mmoja. Ubongo wa ng'ombe una nuskha ya mbwa aliyemwuma.

Faida yake tumekwisha iona Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ambao Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow walishiriki, ulifuatilia kesi za kisiwa hicho tangu 2010 hadi 2020 kwa kuwahoji walioumwa na kusoma vinasaba vya virusi. Ilibainika kuwa kuanzia 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, ya kisiwa kizima, ilipoanzishwa na kuboreshwa, yote mitano ikakatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa kikarudi.

Kilirudi kutoka wapi? Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kama kilikuwa kimejificha kisiwani miaka yote ile, basi chanjo ya mwanzo haikufanya kazi, na fedha zilipotea. Kama kililetwa kutoka nje, basi chanjo ilifanya kazi yake, na tuliolala ni sisi. Vinasaba vilitoa jawabu: virusi viliingizwa Pemba upya, tena mara mbili. Chanjo iliporejeshwa kisiwa kizima, mlipuko ule ulizimwa Oktoba 2018. Bila ya sampuli zile, tungekuwa bado tunabishana, na pengine tungeilaumu dawa badala ya bandari.

Watafiti hao walifanya na hesabu ya fedha. Chanjo ya waliokwisha umwa iligharimu dola 256 kwa kila kifo kilichoepushwa; ukiichanganya na chanjo ya mbwa ya kila mwaka, gharama hupanda hadi dola 1,657. Mhasibu mwenye haraka atachagua ile ndogo. Atakuwa amesahau kuwa chanjo ya binadamu haimzuii mbwa kuuma tena kesho, na kuwa kisiwa kikibaki salama, zaidi ya familia 30 kila mwaka huepukana na msiba wa kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Limebaki neno la dini, kwa kuwa husemwa sana. Huambiwa kuwa Mwislamu hahusiki na mbwa. Sisi tuliosomeshwa chuoni tunajua kuwa mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu yetu, na chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Tunajua pia kuwa mbwa wa mawindo na wa kulinda mashamba hakukatazwa, na kuwa aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Mkulima anayemtegemea mbwa kufukuza kima anahusika naye, na jirani yake vilevile. Jeraha la kuumwa lisitiwe udongo hata chembe: lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili zikianza hakuna tiba.

Tunawataka masheha na viongozi wa Chama katika matawi wapokee taarifa ya kila ng'ombe au mbuzi aliyekufa kwa dalili tulizozieleza, na waifikishe kwa mtaalamu wa mifugo kabla kisu hakijanolewa. Tunaitaka Serikali ichanje mbwa wasiopungua asilimia 70 kila mwaka, hasa katika mwaka ambao hakuna kesi hata moja, maana huo ndio mwaka ambao fedha huhamishiwa kwingine. Mbwa anayeshuka bandarini aulizwe cheti kama anavyoulizwa abiria tiketi. Na katika bajeti ijayo, kifungu cha chanjo na kifungu cha kusafirisha sampuli viandikwe kwa majina yao, visichanganywe ndani ya "matumizi mengineyo", ili Wawakilishi wetu waweze kuuliza, shilingi kwa shilingi, zilikokwenda.