Mzee, Ufunguo Uko Wapi?

Mkiamka Jumapili alfajiri kabla manamba hawajaanza kuita abiria, hebu chungulieni dirishani. Mtawaona wakipita. Huyu amestaafu ualimu, yule alikuwa karani wa reli, na yule mama mwenye kilemba ana wajukuu watano. Wamevaa raba, wanakimbia kuelekea msitu wa Karura au wanauzunguka mtaa tu, mwendo wa pole, jasho likiwatiririka. Zamani mtu wa miaka 60 akiambiwa na daktari akimbie, alidhani ametukanwa. Siku hizi mambo yamegeuka, na si haba.

Lakini kuna kitu kinachowasumbua wazee hawa kuliko magoti. Ufunguo wa nyumba.

Kaptura ya kukimbilia haina mfuko, au ina kimfuko kimoja ndani ya kiuno, cha kutosha sarafu ya shilingi 20 na basi. Nayo milango ya ploti nyingi za Nairobi ni ya chuma, yenye tundu la kupitishia mkono na kufuli linaloning'inia kwa ndani. Kwa hivyo ufunguo si mmoja. Kuna wa kufuli, wa kitasa, wa geti la chini, na mwingine ambao hakuna anayejua unafungua nini, ila hakuna anayethubutu kuutupa. Ukikimbia na furushi hilo mkononi, mtaa mzima utakusikia ukija kama punda mwenye njuga.

Basi kila mmoja amebuni hila yake. Kuna anayeutia ufunguo ndani ya soksi. Baada ya kilomita 3 umeteremka hadi chini ya kisigino, na mzee anarudi akichechemea, majirani wakimpa pole ya baridi yabisi. Kuna anayeuacha kwa mama mboga, akarudi na kukuta kibanda kimefungwa kwa sababu mama mboga ameenda ibada ya kwanza. Wengine huuficha chini ya chungu cha maua, mahali ambapo mwizi yeyote wa mji huu huanzia kutafuta. Kina mama nao wana pindo la leso, ambalo lilikuwa benki yao tangu enzi za nyanya zetu. Lakini leso ni ya mwendo wa heshima. Ukiifunga kiunoni juu ya suruali ukaanza kukimbia, itafunguka penye watu wengi zaidi, na ufunguo utaangukia mtaroni.

Kwa maoni yangu, anayeshinda wote ni yule anayeufunga kwenye kamba ya kiatu, fundo mara mbili. Taabu yake ni moja tu. Akifika mlangoni lazima apige magoti, na mtu wa miaka 68 aliyetoka kukimbia kilomita 8 akishapiga magoti, kuinuka ni shughuli nyingine kabisa.

Nguo nazo zina visa vyake. Mpira wa kaptura ukilegea, mzee hukimbia mkono mmoja ukiwa kiunoni. Fulana ya pamba hunyonya jasho, ikawa nzito na kukwaruza kifua mpaka damu ikatoka. Mama mmoja alipiga mayowe alipomwona mumewe langoni na madoa mawili mekundu kifuani, akidhani amepigwa risasi. Dawa yake ni mafuta ya mgando, kupakwa kabla ya kutoka. Wala wazee wasione haya, kwani hata mabingwa hupatwa. Mwaka 2015 huko Berlin, soli za ndani za viatu vya Eliud Kipchoge zilichomoza nje zikawa zinapigapiga kama masikio ya mbuzi, naye akashinda marathoni hiyo hivyo hivyo, kwa saa 2 na dakika 4.

Hadi hapo ni kicheko. Kinachoniudhi ni kinachofuata. Kijana wa chuo akisahau ufunguo, anaruka ukuta na watu wanacheka. Mzee akisahau mara moja, kikao cha familia kinaitwa.

"Baba, tumeonelea upumzike," anasema kifungua mimba. "Umeanza kusahau."

"Mwanangu, juzi ulifungia ufunguo ndani ya gari, injini ikinguruma. Ni nani aliyekuitia kikao?"

Mzee huyo ana haki. Kusahau ulikoweka ufunguo ni jambo la watu wa umri wote. Kuushika mkononi na kutojua ni wa kazi gani, au kupotea katika njia uliyoizoea miaka 20, hilo ndilo la kupelekwa kwa daktari haraka. Kumnyima mtu mbio zake kwa sababu ya kufuli ni kumwondolea kile kinachomweka na afya, marafiki na usingizi mzuri, kisha akaketishwa mbele ya televisheni siku nzima.

Hatari ipo, ila watoto wanaitafuta pasipo. Mwili wa mzee hautunzi joto kama wa kijana. Akifungiwa nje na fulana mbichi ya jasho asubuhi ya Julai, katika mji huu ulio mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, nusu saa ya kumngoja mjukuu aamke si mzaha. Tena mzee aliyetoka na ufunguo peke yake, bila simu wala kitambulisho, akianguka kando ya barabara, hospitali itampokea kama mtu asiyejulikana. Karatasi yenye jina, nambari ya simu ya mtoto, na ugonjwa kama kisukari ukiwapo, ikitiwa kwenye kipande cha nailoni na kubanwa kwa pini ndani ya kaptura, haina uzito wowote.

Njia nayo yaweza kuwa fupi na ya kurudia. Ed Whitlock wa Kanada alifanya mazoezi yake kwa kuzunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, amevaa viatu vya miaka mingi. Mwaka 2004 mjini Toronto, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Vijana wangapi wa vikao vya familia wanaiweza hiyo?

Kuhusu kufuli, mafundi wa kuchonga funguo wamejaa mjini, na kazi yao ni ya dakika chache. Chongesheni mbili za ziada. Mmoja uwe wa kamba ya kiatu. Wa pili apewe jirani, ila kwanza mumuulize husali ibada gani.