Mizani ya barabarani inaanzia kwenye gunia lako

 Leo niwieni radhi, tunaacha mbolea na mbegu kidogo. Nataka tuzungumzie mizani ya malori.

Masika iliyopita, katika moja ya vijiji ninavyohudumia, lori lililosheheni viazi lilivunja kalavati usiku. Lilinasuliwa, likaenda zake. Kijiji kikabaki na shimo. Kwa wiki tatu hakuna gari lililoingia. Waliokuwa na nyanya zilizoiva walizimwaga. Waliokuwa na viazi waliviuza kwa bei ya kutupa kwa wenye bodaboda. Hakuna aliyelipwa fidia, na mwenye lile lori hajaonekana tena.

Ndiyo maana nikisikia watu kijiweni wanasema mizani ya TANROADS ni adui wa mkulima, mimi sikubaliani nao. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Sheria yenyewe inasemaje? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani. Ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne isizidi tani 10. Ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Gari kubwa kabisa na tela lake lisizidi tani 56. Angalia vizuri: hawapimi jumla tu, wanapima kila ekseli.

Kwa nini ekseli? Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, wakapitisha malori ya uzito tofauti kwa takriban miaka miwili. Walichogundua ni kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara inaumia kama mara 16. Hiyo ilikuwa lami. Barabara yetu ya udongo wakati wa masika hata haihitaji hesabu, unaiona kwa macho.

Sasa tuje kwenye gunia lako. Chukua lori la ekseli mbili ambalo likiwa tupu lina tani 8. Kisheria jumla yake isizidi tani 18, kwa hiyo mzigo ni tani 10. Hayo ni magunia 100 ya kilo 100. Safi kabisa.

Mnunuzi akija na lumbesa, gunia linashonewa kofia na kufika kilo 130. Magunia bado ni 100, lakini mzigo sasa ni tani 13. Zile tani 3 za ziada nyingi zinaangukia ekseli ya nyuma. Ikifika tani 13 badala ya 10, barabara inaumia karibu mara tatu.

Na wewe umelipwa magunia mangapi? Ni 100 tu. Kilo 3,000 zimeondoka bure. Hayo ni magunia 30 ya kilo 100 ambayo umelima, umepalilia, umepiga dawa na umevuna kwa ajili ya mtu mwingine. Kisha hizo hizo kilo ulizotoa bure ndizo zinazovunja kalavati lako. Unaibiwa mara mbili kwa gunia moja!

Najua utakachosema. Kwanza, lori likipunguza mzigo, nauli ya kila gunia inapanda, na mnunuzi atamshushia mkulima bei. Ni kweli nauli inaweza kupanda, sitakudanganya. Lakini linganisha: nyongeza ya nauli kwa gunia ni kiasi gani, na kilo 30 za viazi ni shilingi ngapi sokoni kwenu? Piga hesabu mwenyewe. Pili, utasema foleni za mizani ni ndefu na mazao yanaharibika. Hilo ni lalamiko la haki. Nami naona mizani inayopima gari likiwa linatembea, kama iliyopo Vigwaza, ingefaa iwe mingi zaidi. Lakini lori lililozidisha ndilo linalokaa pale muda mrefu, likipanga upya mzigo, likishusha na kulipa tozo. Lililo sawa halina sababu ya kulala pale.

Ninachokushauri ni hiki:

1. Uza kwa kilo. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ushirika au kikundi kichange kinunue mizani moja, na Wakala wa Vipimo waihakiki.

2. Andika uzito wa kila gunia kabla halijapakiwa. Mfanyabiashara, zidisha na idadi ya magunia, ujumlishe na uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye kadi. Utajua kabla ya mizani kukuambia.

3. Simamia upakiaji. Usirundike mzigo nyuma. Gari linaweza kuwa sawa kwa jumla na bado likakamatwa kwa ekseli moja.

4. Barabara ya kijiji haina mizani, na TARURA hawawezi kulala kwenu. Mkutano wa kijiji ukubaliane ukomo wa tani za lori linaloingia, na siku ambazo malori hayaingii baada ya mvua kubwa. Andikeni kwenye muhtasari, mpeleke kata.

Mnunuzi akikuambia "ukikataa lumbesa naenda kijiji jirani", zungumzeni na kijiji jirani mapema. Mkulima mmoja akikataa, ataachwa na viazi vyake. Kata nzima ikikataa, lori litapakia kwa kilo.

Kalavati lile lilitengenezwa, ila kwa nguvu za wanakijiji wenyewe. Masika nyingine inakuja. Nikutakie mavuno mema.