Anayetangaza Ugonjwa Asaidiwe

Huenda msomaji wetu wa Bulongwa, katika milima ya Makete, akashangaa kuona ukurasa huu leo unazungumza habari za mashindano ya farasi. Atauliza: mchezo wa matajiri wa Ulaya unamhusu nini mkulima wa viazi na ngano? Jibu letu ni fupi. Farasi na punda ni ndugu. Ugonjwa unaomwangusha mmoja waweza kumwangusha mwenziwe, na njia iliyouinua tena mchezo wa farasi ndiyo itakayomwokoa punda abebaye mzigo katika vilima vyetu.

Tuanze na yaliyotokea Hispania. Mwezi wa Februari 2021, farasi waliokusanyika Valencia kwa mashindano ya kuruka viunzi walishikwa na virusi vya herpesi ya farasi. Ugonjwa huo huanza kwa homa, na wakati mwingine hushambulia mishipa ya fahamu hata farasi akashindwa kusimama. Farasi 18 walikufa. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda nchi nyingine kabla hatari haijajulikana, na ugonjwa ukafuatana nao. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) likasimamisha mashindano ya kimataifa katika Ulaya bara hadi Aprili, na fainali za Kombe la Dunia zilizokuwa zifanyike Göteborg, Uswidi, zikafutwa. Mchezo uliporudi, ulirudi kwa masharti: farasi apimwe joto la mwili mara mbili kwa siku, na mwenye dalili atengwe mara moja.

Kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2007, mafua ya farasi yaliingia Australia, nchi ambayo haikuwahi kuyapata. Farasi wakakatazwa kuhamishwa, mashindano yakasimama, na chanjo ikatolewa kuzunguka maeneo yenye ugonjwa. Mashamba na mazizi karibu 10,000 yaliguswa. Hata hivyo, mwaka ulipofikia mwisho ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Ian Callinan ilieleza mwaka 2008 jinsi taratibu za karantini zilivyokuwa zimelegea. Lakini jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: serikali ya huko haikuwaambia watu wafunge mazizi kisha wavumilie njaa. Ilitoa ruzuku kwa wafanyakazi waliopoteza mishahara kwa sababu ya ugonjwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mchezo wa farasi si wa farasi na tajiri peke yao. Nyuma ya kila farasi yuko mtunza zizi, fundi wa kwato, dereva, muuza nyasi na kibarua wa kufagia. Siku zizi linapofungwa, mwenye farasi hukosa kikombe. Kibarua hukosa unga. Basi mtu aonaye homa, na ajuaye kwamba akisema watoto wake watalala na njaa, atanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli, lakini yafaa tuulize pia: ni nini kinachomfanya mtu afiche? Mara nyingi si ukaidi. Ni hofu ya kukosa riziki. Hofu hiyo haiondolewi kwa vitisho. Huondolewa kwa msaada unaofika upesi.

Na tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 2019 mafua ya farasi yaliua maelfu ya punda katika Afrika Magharibi, na Niger ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Punda hao hawakuwa wa mashindano. Kilichosimama huko kilikuwa maji, kuni na mizigo ya sokoni.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mchezo na kazi havikutengana. Kule Lamu, punda ambaye vijana hushindana juu ya mgongo wake wakati wa sikukuu, kesho yake hubeba mawe na mchanga wa kujengea. Na farasi wanaokimbia katika uwanja wa Ngong, Nairobi, huishi karibu na hatari ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, ambao punda na punda milia waweza kuubeba bila kuonyesha dalili. Kumlinda farasi wa mashindano na kumsahau punda wa jirani ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Makete inalijua vizuri deni lake kwa mnyama huyu. Katika miaka ya 1980, Serikali ikishirikiana na Shirika la Kazi Duniani iliendesha huko mradi wa usafiri vijijini. Ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa nyumba, yaani maji, kuni na mazao, ilibebwa na wanawake vichwani mwao. Njia za miguu zikatengenezwa, na matumizi ya punda yakahimizwa. Kwa hiyo punda akifa katika nyumba ya mkulima, mzigo haufi pamoja naye. Unarudi juu ya kichwa cha mama.

Kwa sababu hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imekwisha kuweka wajibu wa kutoa taarifa. Sasa wajibu huo uambatane na fidia au mkopo wa kununua mnyama mwingine. Vyama vya ushirika na halmashauri vyaweza kuanzisha mfuko wa namna hiyo bila kungoja siku ya msiba. Pili, bwana mifugo awe na pikipiki, mafuta na vifaa vya kuchukulia damu, kwani maabara ya mifugo iliyo karibu, ya Iringa, haiwezi kupima damu isiyoifikia. Na kutoka Bulongwa kupitia Njombe na Makambako ni safari ndefu. Tatu, amri ya kuzuia wanyama wasihamishwe iwe moja kwa wote. Mwenye lori la kupeleka mifugo mnadani asipite usiku huku mwenye punda mmoja amezuiwa njiani.

Wanachama na wafanyakazi wana kazi yao pia. Kila tawi na kila mkutano wa kijiji uulize: punda wetu ni wangapi, nani anawatazama, na akiugua mmoja taarifa itafika kwa nani siku hiyo hiyo? Maswali hayo hayahitaji fedha za kigeni.

Mchezo wa farasi ulisimama tena kwa sababu ugonjwa ulisemwa, njia zikafungwa, na kule Australia wafanyakazi hawakuachwa wabebe hasara peke yao. Hatuoni sababu ya haki hiyo kuwa ya farasi wa mashindano tu. Anayetangaza ugonjwa mapema huwaokoa jirani zake wote. Basi jirani zake wote, na Serikali yao, wamsaidie kubeba hasara yake.