TAHARIRI: KUPANGA SI KUPANGIWA



Siku hizi kuna neno limo midomoni mwa kila mtu: "Bei imepangwa." Ukimwuliza mtu kwa nini kauza alizeti kwa bei ya kutupa, jibu ni hilo. Imepangwa na nani? Lini? Hapo anakuna kichwa. Leo tulitazame neno hili, maana linatula.

Kupanga ni kuweka jambo sawa kabla halijafika. Mama anapanga mafiga kabla ya kuwasha moto. Mkulima anatenga mbegu kabla ya mvua. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, aliipa hotuba yake jina "Kupanga ni Kuchagua". Ndiyo kusema, asiyechagua hakupanga. Huyo kapangiwa. Tofauti ni herufi mbili tu, lakini gunia zima la alizeti limo humo.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ikifika Februari ghala tupu, na shamba bado bichi. Ndipo anaingia mtu na pikipiki: chukua debe la mahindi leo, utanilipa gunia la alizeti wakati wa mavuno. Bei imepangwa mapema, kweli, lakini kaipanga mwenye shibe mbele ya mwenye njaa. Wenzetu wa Kagera wanaiita butura: kahawa inauzwa ingali mtini. Kusini, kwenye korosho, kuna kangomba. Majina mbalimbali, mtego mmoja.

Wazee watasema, zamani si Serikali ilitupangia? Kweli. Miaka ya 1970 bei ya mtama na mahindi ilitoka Serikalini, na NMC ndiyo iliyonunua. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kule nako kulikuwa kupangiwa. Ila bei ilitangazwa kwa wote, hakunong'onezwa mtu peke yake mlangoni kwake.

Hatumlaumu aliyeuza mazao shambani. Watoto hawashibi maneno. Lakini njaa ya Februari tunaijua tangu mavuno ya Juni. Basi tuipangie sisi. Tunapendekeza mkutano mkuu ukubali haya:

1. Wakati wa mavuno kila mwanachama aweke debe moja la mtama katika ghala la chama. Atakayepungukiwa akope hapo, na arudishe debe kwa debe.

2. Bei ambayo hatutashuka chini yake ijadiliwe mkutanoni, kabla mnunuzi wa kwanza hajaingia kijijini.

3. Mazao yapimwe kwa mizani. Lumbesa hapana. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100.

Haya hayataki fedha za mfadhili. Yanataka watu kukaa pamoja mapema na kushika neno lao. Mmoja akiuza kichochoroni, kawavunjia wote.

Mume na mke, wote wanaolima, njooni mkutanoni. Mwenye pikipiki akiuliza bei, tumjibu: "Imepangwa." Akiuliza kaipanga nani, kila mmoja awe na jibu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani