Jiwe Haliulizi Bei ya Kiatu



Siku hizi vijana wengi wanapenda mavazi yanayoitwa «taktiki»: suruali yenye mifuko sita, koti jeusi lisiloingiza mvua, na bote ndefu za kamba kama za makomando. Bei yake si mchezo. Kule Ulaya na Marekani, pea moja ya bote za jina kubwa inaweza kupita dola 200. Ndugu anajinyima miezi mingi ili aipate, halafu anaingia nayo kazini. Kiatu alichopewa na kompanyi kinabaki nyumbani, au kinauzwa sokoni. Tena wananiuliza katika dispanseri: «Mganga, vitu hivi vinastahili bei yake?»

Jibu langu ni hili: mavazi yale yanaweza kuwa mazuri, lakini yalitengenezwa kwa kazi isiyo yetu.

Kwanza, nguo ya vita imefanywa ili adui asikuone. Sisi tunataka kinyume: shofere wa kamyo kubwa akuone. Toka juu kwenye kiti chake, haoni kila kitu kilicho karibu na magurudumu. Usiku, au ndani ya vumbi la kariere, mtu aliyevaa nguo nyeusi ni kama hayupo. Gile yenye mistari inayong’aa haina urembo, lakini inakurudisha kwa watoto. Na nguo ya madoadoa ya kiaskari ni uniforme ya jeshi. Raia akiivaa, anajitafutia matata.

Pili, tazama alama ndani ya kiatu. Kiatu chenye alama ISO 20345 kimepimwa kwenye vidole kwa pigo la jule 200, karibu sawa na chuma cha kilo 20 kinachoanguka toka urefu wa metri moja. Kikiwa na S3, msumari hautoboi soli kwa urahisi. Bote nyingi za kiaskari hazina kinga ile ya vidole. Ngozi yake ni safi, mshono wake ni imara, lakini jiwe haliulizi bei ya kiatu.

Tatu, kuna joto. Vitambaa kama Gore-Tex vina utando unaozuia maji na kupitisha jasho. Lakini jasho linatoka vizuri pale hewa ya nje ni baridi na kavu. Chini ya ardhi, penye joto na unyevu, linabaki ndani. Mguu unaoloa siku nzima unapata fangasi katikati ya vidole, ngozi inapasuka, na vijidudu vinapata mlango.

Nne, ninyi wa matanuru na wa kuchoma vyuma. Nailoni na polyester zikishikwa na moto zinayeyuka na kugandamana na ngozi. Na kuingiza suruali ndani ya bote kama askari ni kuufungulia mlango uji wa chuma. Suruali ikae juu ya bote, siku zote.

Sisemi kwamba vitu vile ni bure. Anayetembea porini siku nzima kutafuta madini, bote nyepesi na ngumu inaweza kumfaa kweli. Lakini hata yeye, akifika kwenye mtambo, abadilishe.

Sasa neno moja kwa wakubwa wetu. Kijana haachi kiatu cha kazi kwa sababu ya maringo tu. Mguu wa 42 ukitiwa ndani ya 44, unatoka malengelenge. Kiatu kilichotoboka kikingoja miezi kubadilishwa, mtu atajinunulia chake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Basi magazini yetu iwe na saizi zote.

Na wewe, ndugu, kiatu kikikubana au kikipasuka, usinyamaze. Mwambie kapita, mwambie delege wako, njoo kwetu tuandike. Dola 200 zile zina kazi nyumbani: masomo, chandarua, unga. Ukitaka kuvaa bote za komando siku ya Mungu, vaa, utapendeza.

Kazini, vaa kile kinacholinda. Vidole ni kumi tu, na magazini haina vingine.