Fungua Kofia Kabla ya Kufungua Mfuko

Zamani mwandishi alijulikana kwa kalamu yake, kisha akaja akajulikana kwa taipu yake. Siku hizi twaandika kwa kompyuta, na baadhi ya vijana wetu wameingiwa na hamu ya kutafuta kibodi kuukuu za miaka ya 1980 na 1990, zile nzito zenye kulia kila kitufe kibonyezwapo. Wako wasemao kuwa huo ni upuzi wa watu wasio na kazi. Mimi simo katika hao. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba kalamu ya mwanzi ikichongwa vibaya hata hati ya fundi huharibika. Mkono una haki ya kupata chombo kiuridhishacho, na mwenye kukitafuta si mjinga.

Langu la leo ni jingine, nalo ni namna vitu hivi vinavyouzwa na kununuliwa. Naona makosa mawili. La muuzaji ni kukitaja asichokijua, na la mnunuzi ni kukificha anachokijua. Hili la kwanza wengi hulilalamikia. La pili halisemwi, na kwangu mimi ndilo kubwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Kibodi nyingi za kawaida zina kikuba cha mpira chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kikuba huporomoka, na herufi hupatikana kitufe kinapokaribia kufika chini kabisa. Ni rahisi kuziunda na bei yake ni nafuu. Kibodi ya mitambo ni nyingine: kila kitufe kina swichi yake peke yake, na kamani yake ndani. Basi mtu akisema ananunua kibodi ya mitambo, kwa hakika ananunua swichi. Plastiki ya nje ni nguo tu.

Swichi hizo ni za kabila nyingi, lakini tatu ndizo mashuhuri. Ya kwanza ni ya kampuni ya IBM ya Marekani. Kompyuta yao ndogo ya mwaka 1981 ilikuja na kibodi iitwayo Model F, na katikati ya miaka hiyo ya 1980 ikafuata Model M. Zote mbili zina kamani isimamayo wima chini ya kitufe. Ukiibonyeza, kamani hujikaza hata ikashindwa, ikajikunja ubavuni kwa ghafla, na hapo hapo nyundo ndogo iliyo chini yake hupiga. Mlio wausikia, mguso wausikia kidoleni, na herufi yapatikana, yote kwa pamoja. Mlio huo haukutiwa kwa mapambo, ni sauti ya kazi yenyewe ikifanyika. Katika Model M nyundo hupiga juu ya utando wenye nyaya, na katika Model F hutambuliwa kwa umeme juu ya bamba bila ya kuhitaji utando. Ndiyo sababu Model F hutafutwa zaidi.

Ya pili ni Cherry MX, iliyoanza miaka hiyo hiyo ya 1980. Ukiing'oa kofia ya kitufe utaona kijiti chenye umbo la alama ya kujumlisha. Rangi ya kijiti ndiyo iitwayo jina: ya bluu hulia, ya kahawia ina kigongo kidogo bila ya mlio, na nyeusi hushuka moja kwa moja bila ya kigongo wala mlio. Ya tatu ni ya Alps, kampuni ya Japani, na kijiti chake ni cha mstatili. Apple ya Marekani iliitumia katika kibodi yake kubwa ya mwaka 1987, na kibodi nyingi za Dell za miaka ya 1990, zile ziitwazo AT101W, zina Alps nyeusi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwani rangi si lugha moja. Nyeusi ya Cherry haina kigongo, nyeusi ya Alps inacho. Mtu akikwambia kwa simu kwamba kibodi yake ina swichi nyeusi, bado hajakwambia kitu. Umbo la kijiti kwanza, rangi baadaye. Na hata umbo lina mitego. Cherry walikuwa na kibodi za namba G80 zenye MX, na za namba G81 zenye swichi nyingine iitwayo MY, ambayo nayo ina kijiti cha alama ya kujumlisha lakini kwa mguso iko mbali na dada yake. Hati ya uvumbuzi ya MX ilipokwisha muda, viwanda vya Uchina navyo vikaunda swichi za umbo hilo hilo. Na ukionyeshwa Cherry MX nyekundu ukaambiwa ni ya miaka ya 1980, tabasamu tu, kwa sababu nyekundu haikutoka mpaka miaka ya 2000.

Jina la nyuma nalo si ushahidi kamili. Ziko Model M zilizoundwa kwa mpira ili zisipige kelele ofisini. Ziko kibodi kubwa za Apple za toleo la pili, za miaka ya 1990, zenye swichi za Mitsumi badala ya Alps. Kwa hiyo igeuze kibodi, usome kibandiko chake: namba ya chombo, na katika Model M hata tarehe ya kuundwa kwake. Kisha omba ruhusa ya mwenye mali, ung'oe kofia moja kwa kuivuta wima, usiipindishe. Waya mdogo uliokunjwa ncha mbili watosha. Tazama kilichomo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho hayaoni kupita kofia.

Ukishajua kabila, tafuta maradhi. Itikise Model M. Ukisikia vipande vikicheza ndani, ujue vichwa vya ribiti zake za plastiki vimekatika, maana bamba la chuma ndani hushikwa na ribiti hizo. Fundi anaweza kutoboa na kutia bolti ndogo, lakini ni kazi ya siku nzima, na bei iteremke kwa kadiri hiyo. Model F ina tabaka la sifongo ndani ambalo baada ya miaka arubaini huwa vumbi. Bonyeza kila kitufe, hata vile usivyovitumia. Kile kisicholia kama wenzake pengine kamani yake imekaa upande. Huku kwetu Pwani uliza pia ilikokuwa ikiwekwa, kwani hewa ya chumvi ni adui wa chuma, na kamani ni chuma.

Rangi ya manjano isikutishe. Plastiki nyingi za zamani hugeuka manjano kwa jua na umri, kama sisi tunavyota mvi. Itie shaka zaidi ile iliyo nyeupe mno, maana wako waziogeshao kwa dawa ya peroksidi ili zionekane mpya. Herufi nazo zina habari zao. Katika Model M wino umeingia ndani ya plastiki yenyewe, haufutiki. Lakini katika kibodi zilizochapwa juu juu, herufi hufutika kwa kadiri ya matumizi. Ukiona A imetoweka hali Q na X zingali zang'ara, huenda aliyeitumia alikuwa Mswahili mwenzetu, kwani lugha yetu haiendi hatua bila ya A, na hizo mbili hatuna haja nazo.

Mwisho tazama ncha ya waya. Ile ya duara kubwa yenye pini tano huwadanganya watu, kwani kibodi za kompyuta ya kwanza ya IBM na za zile zilizofuata zina ncha ya sura moja lakini zasema lugha mbali. Ya pini sita, ndogo, ilikuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Ili zisomeke na kompyuta za leo zataka kifaa cha kutafsiri, na gharama yake uihesabu kabla ya kutaja bei.

Haya yote si elimu ngumu. Ni ya kujifunza kwa jioni mbili. Ajabu ni kuwa wanaouza hawaitafuti. Juzijuzi nilipita duka moja la vyombo vikuukuu hapa Mombasa. Kijana wa duka akaniambia, "Ami, hii ni ya mitambo, sikiza mlio wake." Akaipiga kama mpiga ngoma. Nikamwomba ruhusa, nikang'oa kofia, na chini yake tukakuta kikuba cha mpira. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ni mlio wa plastiki kugonga plastiki." Akacheka, akajibu, "Nami niliambiwa hivyo na aliyeniuzia, ami." Ndivyo soko lilivyo. Kila mtu apokea neno kwa mwenziwe, wala katika mlolongo wote hapana hata mmoja aliyefungua.

Sote twakijua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipoingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na maji, akamkemea mwenye mali kwa kukiweka kilicholowa chini na kikavu juu. Kibodi ni rundo lililofunikwa. Muuzaji asiyefungua asitaje jina, aseme tu, "Sijui, fungua mwenyewe utazame." Neno hilo halimpunguzii heshima.

Sasa nije kwa mnunuzi. Hawa vijana wapenzi wa vitu hivi, wengi wao wanajua mno. Nimemsikia mmoja akijisifu kwamba alimkuta mama mmoja akiuza vyombo vya ofisi ya marehemu mumewe, na kati yake imo Model F nzima. Yule mama akamwuliza, "Mwanangu, kitu hiki kina maana?" Naye akajibu, "Takataka tu, bi mkubwa, nitakuondoshea." Akampa shilingi mia tatu. Ng'ambo kibodi hizo huuzwa hata kwa mamia ya dola. Wenziwe wakampigia makofi. Mimi sikupiga.

Najua watakavyojibu. Watasema elimu yao wameitafuta kwa jasho, na mwenye elimu astahili faida. Kweli, lakini faida ya elimu ina milango yake ya halali. Ujue kuchagua nzuri kati ya mbovu, ununue iliyovunjika kwa bei ya iliyovunjika, uiunge, uisafishe, uiuze kwa bei ya iliyo nzima. Hiyo ni jasho. Kumwambia mjane kwamba dhahabu yake ni takataka si elimu, ni uongo. Katika mafundisho yetu pana katazo lililo mashuhuri la kutoka nje ya mji kuilaki misafara, ukainunua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Mimi si mufti, na kama biashara ile ilisihi au haikusihi nawaachia masheikh. Nasema tu kwamba yule mama alikuwa msafiri ambaye hajafika sokoni.

Watasema tena, "Hatukusema uongo, tulinyamaza." Kunyamaza kwa mfanyabiashara mbele ya mfanyabiashara mwenziwe ni jambo moja, kunyamaza mbele ya aliyekuuliza kwa kukuamini ni jambo jingine. Akuulizaye amekufanya mwaminifu wake. Mwambie jina la kitu, mwambie kinaweza kupata ngapi na kwa taabu gani, kisha mpatane. Aghalabu atakupunguzia kwa furaha, maana hana pa kukipeleka wala hana haja nacho.

Na liko la tatu, linalowagusa wapenzi hawa wenyewe. Kila siku wanalia kwamba vyombo hivi vyaadimika. Vyaadimikaje? Vyaadimika kwa kuwa mwenye navyo hajui, na asiyejua huvitupa jaani, au humpa muokota vyuma avunje achukue bamba. Kila mara unapomwambia mtu kuwa mali yake ni takataka, unamfundisha kuitupa. Kesho atakuta nyingine kwenye stoo ya ndugu yake, naye atafanya vile ulivyomfundisha. Anayeficha elimu ili apate kibodi moja, hupoteza kumi ambazo hatazijua kamwe.

Basi wauzaji wafungue, na wanunuzi waseme. Nami namaliza kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu:

Swichi usiyoiona, usitaje jina lake,
Fungua upate ona, ujue na ndani mwake,
Na asojua maana, mwambie thamani yake,
Faida ya kunyamaza, haina baraka zake.